Barua ya wazi kwa vijana wa darasa la Jumamosi

Wanangu,

Salamu zenu nimezipata, na mimi sijambo. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kona yangu hadi chai ikapoa, nikiwasikiliza mkijadili wahafidhina wa Marekani. Mmoja wenu alisema ni wajinga. Mwingine akasema wamelishwa uongo. Wengine mkacheka, na mada ikaishia hapo. Sikutaka kuwakatiza mbele ya wageni, ndiyo maana naandika. Naandika wazi ili na wenzenu wa miji mingine wasome, kwa kuwa kicheko kile nimekisikia mahali pengi, si hapa Ohio peke yake.

Msimamo wangu mnaujua. Nimekulia katika Tanzania ya Azimio la Arusha, na mpaka leo naamini anayetoka jasho ndiye wa kwanza kukaa mezani. Sijahama. Lakini kuhusu mrengo wa kulia wa nchi hii, nimejifunza zaidi kwa kulisha wazee kuliko kwa kusoma makabrasha yetu ya mrengo wa kushoto.

Mwishoni mwa miaka ya 90 nilikuwa mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee kaskazini-mashariki mwa jimbo hili. Nilipangiwa mzee mmoja wa Kizungu, macho yameingia ukungu, mikono inatetemeka. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Youngstown. Tarehe 19 Septemba 1977, siku ambayo watu wa kule wanaiita Jumatatu Nyeusi mpaka leo, kampuni ilitangaza kwamba kiwanda kinafungwa, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi, yeye akiwemo. Kwenye droo yake kulikuwa na beji ya chama cha wafanyakazi, ameiviringisha kwenye leso. Na kila siku saa sita mchana ilibidi nimuwashie redio amsikilize Rush Limbaugh, mtangazaji wa wahafidhina, huku namlisha viazi vya kuponda.

Halafu kulikuwa na barua. Posta haikupita bila barua zake, leo mbili, kesho tano, na kwa kuwa haoni, msomaji ni mimi. "Rafiki yangu mpendwa," ndivyo zilivyoanza, na jina lake limechapwa pale juu utadhani aliyeandika wamecheza naye utotoni. Wanataka kukunyang'anya bunduki yako. Wameondoa sala shuleni. Mtoto aliye tumboni hana mtetezi ila wewe. Ukifika mwisho unaambiwa utume dola 15, au 25 ukijaliwa. Binti yake akija Jumapili ndiye aliyeandika hundi, mzee akatia saini iliyopinda.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, mzee, huyo Rais Reagan wa Republican uliyempigia kura mwaka 1980 ndiye aliyefukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 walipogoma mwaka uliofuata, na chama chao kilikuwa kimemuunga mkono! Wewe mwenye beji kwenye droo ulifuata nini kwake? Hakukasirika. Alisema kiwanda kilipofungwa, wanasiasa wa chama chake cha zamani, Democratic, walikuja na kamera na wakaondoka na kamera. "Hawa wananiandikia kila wiki."

Najua mtaniambia zile barua zilikuwa biashara. Zilikuwa biashara, tena kubwa. Lakini ngoja niwaambie ilianzaje, maana hapo ndipo penye somo. Mwaka 1964 seneta Barry Goldwater aligombea urais kwa chama cha Republican, akiwa mhafidhina asiyejificha, akagaragazwa. Alipata majimbo sita tu kati ya 50. Wachambuzi wengi wakasema uhafidhina umekwisha, na nadhani sisi tungekuwepo tungepiga vigelegele. Kijana mmoja, Richard Viguerie, akaenda Washington kwenye ofisi ya Bunge yalikowekwa majina ya waliomchangia Goldwater dola 50 au zaidi, akaanza kuyanakili kwa mkono. Alipata zaidi ya majina 12,000. Watu wengine waliona kushindwa; yeye aliona daftari la anwani. Kutoka daftari lile ndiko zilikotoka, kizazi kimoja baadaye, bahasha nilizokuwa nachana kwa kisu cha siagi.

Wenye fedha nao hawakulala. Agosti 1971 wakili Lewis Powell aliwaandikia viongozi wa chama cha wafanyabiashara cha Marekani waraka wa siri, akiwahimiza wajipange kwenye vyuo vikuu, kwenye vyombo vya habari na mahakamani. Kabla mwaka haujaisha, Rais Nixon alikuwa amemteua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1973 ikaanzishwa Heritage Foundation, taasisi ya utafiti wa sera ya wahafidhina, na fedha za tajiri wa bia, Joseph Coors, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuisimamisha. Mwaka 1982 wanafunzi wachache wa sheria, wakijiona wapweke kati ya maprofesa wasiokubaliana nao, wakaanzisha Federalist Society, chama cha wanasheria wahafidhina. Wanafunzi, wanangu, wa umri wenu. Leo majaji sita kati ya tisa wa mahakama ile waliteuliwa na marais wa Republican, na wengi wao wana uhusiano na chama kile cha wanafunzi. Hukumu ya mwaka 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba ilifutwa na mahakama hiyo hiyo tarehe 24 Juni 2022. Hesabuni wenyewe. Miaka 49! Sisi tukishindwa uchaguzi mmoja wa mji, kundi la WhatsApp linavunjika.

Sasa msije mkadhani bibi amelainika. Goldwater alipinga sheria ya haki za kiraia ya 1964, na ukiondoa Arizona kwao, majimbo aliyoshinda yote yalikuwa ya Kusini kabisa, kule walikopinga mtu mweusi kupiga kura. Hata wale wa dini: Paul Weyrich, mmoja wa waasisi wa Moral Majority, vuguvugu la Wakristo wahafidhina la 1979, alikiri mwenyewe kwamba kilichowaamsha wachungaji kwanza si utoaji mimba. Kilikuwa ni serikali kuzifuata shule zao za Kikristo kuhusu ubaguzi na msamaha wa kodi. Mimba ilikuja baadaye.

Mzee wangu yule yule, kijiko changu kikiwa mdomoni mwake, aliniambia watu weusi wanakula kodi yake. Nikanyamaza. Akasikia nimenyamaza, akasema, "Si wewe. Wewe unafanya kazi." Nilimfuta kidevu, nikaenda chooni, nikafunga mlango nikakaa mpaka niitwe.

W.E.B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani aliyefia Accra, alieleza mwaka 1935 kwamba mfanyakazi Mzungu wa Kusini alilipwa ujira duni, kisha akaongezwa ujira mwingine usioshikika, nao ni heshima ya kutokuwa mweusi. Nilikuwa nimeyasoma hayo zamani. Pale chooni ndipo nilipoyaelewa. Wakati Reagan anaingia Ikulu, kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilikuwa asilimia 70. Mwaka 1988 kilikuwa 28. Hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ya matajiri katika mkataba wao na wafanyakazi Wazungu. Mzee wangu hakuona hata senti ya hizo. Yeye alipewa hasira iliyofungwa vizuri kwenye bahasha, na mtu wa kumwita rafiki. Ninachowaomba mkione ni kwamba hicho cha mwisho alikihitaji kweli, na sisi hatukuwa tumempelekea.

Wala si Wazungu peke yao. Msibani mwezi uliopita, baba wa mmoja wenu (simtaji, na msianze kuchunguzana) aliniinamia sikioni akaniambia kwamba mwaka 2024 alimpigia Trump. Huyo ni mtu wa zamu mbili, amechangia matanga ya nusu ya watu waliokuwa pale. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Mama, wale angalau wanamtaja Mungu." Hakuna kijana hata mmoja wa darasa letu aliyewahi kumwuliza. Mnamwamkia shikamoo, mnakula pilau yake, kisha mnakuja kunieleza mimi fikra za tabaka la wafanyakazi.

Mzee alifariki majira ya baridi. Barua zake ziliendelea kuja mpaka maua ya masika yalipochanua, "Rafiki yangu mpendwa", na kazi yangu ikawa kuandika neno "amefariki" juu ya kila bahasha na kuirudisha posta.

Jumanne bodi ya shule ya wilaya yetu inakutana saa moja jioni. Mlango uko wazi kwa yeyote. Nendeni watatu, mkae nyuma, msiseme neno na simu mzifiche. Jumamosi mje mnieleze ni nani aliyeleta keki, ni nani aliyemwita mwenzake kwa jina, na nani alimtafutia kikongwe kiti. Mabango yenu yaacheni nyumbani.

Bibi yenu