Malalamiko: CV zetu kutumwa kwa waajiri bila idhini

Kwa Meneja wa Uajiri,

KUH: CV ZA WAHASIBU KUTUMWA BILA IDHINI

Sisi ni wahasibu na makarani wa ankara tuliojisajili kwenu ili mtutafutie kazi katika kampuni za mizigo hapa Mombasa. Tunalalamika kwamba mnazituma CV zetu kwa waajiri bila kutuuliza, na hatujui zimefika kwa nani.

Wakala wa ajira kama nyinyi hulipwa na mwajiri, kwa kawaida asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza, na hulipwa pale tu mtu wake anapoajiriwa. Ndiyo maana kila wakala anakimbilia kuwa wa kwanza kufikisha jina. Sasa CV moja ikiingia kwa mwajiri kupitia mawakala wawili, au ikitoka kwenu ilhali mwombaji ameshapeleka ombi lake mwenyewe, meneja wa wafanyakazi anaona mzozo wa ada unanukia. Amlipe nani? Wengi hawangoji kujua: wanaliweka jina kando na kuendelea na wasio na utata. Mikataba mingi pia humruhusu wakala kudai ada kwa miezi kadhaa tangu alipomtambulisha mtu, mara nyingi sita hadi kumi na miwili. Katika muda huo wote mwombaji hata akibisha hodi mwenyewe, mwajiri anahofia ankara yenu.

Matangazo yenu hayataji mwajiri; huwa ni "kampuni kubwa ya mizigo, Shimanzi" basi. Sababu tunaielewa, maana mkimtaja mawakala wengine watamvamia. Lakini mtu anayejibu matangazo mawili ya mawakala wawili hana njia ya kujua kwamba kazi ni ile ile. Kuna na hatari nyingine ambayo nyinyi mnaichukulia kijuujuu: CV kutua kwa mwajiri wa sasa wa mwombaji, au kwa kampuni dada yenye meneja yule yule. Simu moja ya kumtajia mtu jina la kampuni kabla ya kutuma ingemaliza yote haya.

Kisha kuna CV zenyewe. Kuweka nembo yenu na kuondoa nambari zetu za simu, sawa, hiyo ni kinga ya ada yenu. Kubadilisha yaliyomo si sawa. Aliyeandika "CPA, ngazi ya kati", yaani bado hajamaliza mitihani ya uhasibu, anatoka kwenu akiwa "CPA(K)", mhasibu aliyehitimu. Aliyetumia QuickBooks, programu ya hesabu za biashara ndogo, anakuwa mjuzi wa SAP, mfumo wa kampuni kubwa. Jopo la usaili likiuliza nambari ya uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, mwongo anayeonekana pale mezani ni mwombaji.

Kuhusu vyeti, tutasema kwa ufupi. Mnadai cheti cha maadili mema cha polisi, ambacho ada yake ni shilingi 1,050, pamoja na vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu) na CRB (rekodi ya madeni) mtu akiwa bado anajaza fomu. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti hivyo kama hakusudii kumpa mtu mkataba wa maandishi. Hatuoni wakala ameipata wapi ruhusa ambayo mwajiri hana.

Mtatuambia kwamba tulitia alama ya "nakubali" siku ya kujisajili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya wazi na ya jambo mahususi, inamruhusu mtu kuiondoa wakati wowote, na inamwachia anayetumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Alama moja isiyotaja kampuni yoyote haiwezi kuwa ruhusa ya kutuma CV popote.

Tunachotaka ni ujumbe mfupi kabla ya kila CV kutoka, kwa mfano: "Kampuni: (jina). Kazi: karani wa ankara. Mshahara kabla ya makato: 45,000 hadi 55,000. Tutume?" Asiyejibu asitumwe, kimya si ndiyo. Kila mmoja wetu apewe orodha ya kampuni zilizopokea CV yake, tarehe, na nakala ya CV kama ilivyotumwa, si ile aliyowaletea. Palipobadilishwa sifa, mwandikieni mwajiri mrekebishe. Na mahali jina lilipotumwa bila idhini, mwandikieni pia kwamba hamtadai ada yoyote mtu huyo akiajiriwa kwa njia nyingine. Barua hiyo ya mwisho ndiyo tunayoihitaji zaidi, kwa sababu orodha peke yake haimfungulii mtu mlango uliokwisha kufungwa.

Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, tutapeleka lalamiko kwa Kamishna wa Data, ambaye kisheria ana siku 90 za kulichunguza na kulikamilisha. Mjibuni kila mmoja kwa barua pepe aliyojisajili nayo, na hadi hapo msitume CV yoyote yetu.

Wahasibu na makarani wa ankara waliojisajili kwenu,
Mombasa