Barua ya wazi kwa Mlezi wa Wanafunzi: "Puuzeni uvumi" haitoshi

Mama Mlezi, shikamoo.

Nimesoma tangazo la chuo linalotutaka tupuuze uvumi kwamba wasichana wanakabwa usiku kwenye njia ya kwenda mageto, yaani vyumba tunavyopanga nje ya chuo. Tangazo linaonya pia kwamba atakayesambaza habari hizo atashughulikiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa kuwa tangazo lilikuwa la hadhara, nami nakujibu hadharani, kwa heshima zote.

Uvumi umeumiza watu, hilo sibishi. Picha ya kijana wa bodaboda wa pale getini ilizungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ndiye mkabaji. Hakuna aliyejitokeza kusema alimwona akimgusa mtu, lakini kijana ameondoka kijiweni akihofia wananchi wenye hasira kali. Wanafunzi wenzangu mliosambaza ile picha, ifuteni, na mseme huko huko mlikoituma kwamba hamkuwa na uhakika.

Ila Mama, tangazo halikutueleza hata jambo moja lililochunguzwa. Je, kuna taarifa iliyopokelewa? Ipi imethibitika, ipi ni uongo? Watu wakikosa majibu hubaki na lile la wahenga, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na njia yenyewe unaijua. Tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi umekuwa mwingi, na kati ya chuo na mitaa tunayopanga kuna mapagale, korongo na vichaka, taa hakuna. Anayetoka kujisomea saa nne usiku hahitaji kuambiwa na mtu kwamba pale pana hatari.

Kwa nini basi waliokutwa na jambo hawaji kwako? Nimewauliza wenzangu, na majibu yao yanafanana. Msichana akifika kwa walinzi, swali la kwanza ni "Ulikuwa unatoka wapi saa hizo?" Anajieleza mbele ya walinzi wote na yeyote anayesaini daftari la kuingia. Anaogopa wazazi kule kijijini watasikia, watasema arudi nyumbani. Na sasa, baada ya tangazo, anaogopa pia kuitwa mvumishaji. Hofu hii ya mwisho chuo kinaweza kuiondoa leo. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinamhusu anayechapisha habari akijua ni za uongo, kwa nia ya kupotosha au kudhuru. Anayekuja ofisini kwako kueleza yaliyompata hamo humo. Tafadhali, liandikwe hivyo kwa maneno ya wazi.

Kuna jambo jingine linalofanya kumbukumbu zionekane safi. Mtu akiporwa simu, wengi wetu tunachotafuta polisi ni ripoti ya upotevu tu, ili turudishiwe laini. Kwenye karatasi simu "imepotea". Hakuna aliyepigwa kabali, hakuna eneo, hakuna saa. Wasichana kadhaa wanaweza kukabwa kwenye pagale lile lile na maandishi yasionyeshe tukio hata moja. Hapo chuo kitasema kwa nia njema kabisa kwamba hakuna tukio lililoripotiwa, na wanafunzi watasikia kwamba chuo kinaficha.

Na kwa aliyebakwa, ukimya unagharimu zaidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Wengi hawalijui hili. Wanaoga, wanafua nguo, wanajifungia chumbani hadi muda unapita. Wangejua kwamba kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, kwamba PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa pale, na kwamba mtu wa ofisi yako atawasindikiza usiku ule ule, wengine wangetoka.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Apatikane mama mmoja wa kupokea taarifa, kwenye chumba chenye mlango, mbali na geti na mbali na jengo la utawala. Kila anayeripoti apewe namba ya taarifa yake ili aweze kuifuatilia. Kila Ijumaa kibandikwe kwenye mbao za matangazo kilichoripotiwa wiki hiyo bila majina, kilichothibitika na kilichokutwa si kweli. Uvumi wa kijana wa bodaboda ungekufa kwa mistari miwili tu ya namna hiyo. Kuhusu taa, najua njia ile iko nje ya uzio, lakini barua ya chuo kwenda kwa Jiji ina uzito kuliko malalamiko yetu.

Naomba pia uitishe mkutano wa wanafunzi wote kabla mitihani haijaanza, ofisa wa Dawati la Jinsia awepo, na wasichana waruhusiwe kuuliza kwa karatasi zisizo na majina.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Dodoma