Anayeuza nakala ya nakala naye ana deni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu suala linalowagawa wapenzi wa kompyuta za kale: je, ni haki kunakili na kuuza bodi ya kompyuta (kibao kinachobeba chipu na nyaya zake) ambayo yenyewe ni nakala?

Mfano ulio wazi ni Apple-1, kompyuta aliyoibuni Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, na iliyouzwa mwaka 1976 kwa dola 666.66. Zilitengenezwa kama 200 tu, na mwaka 2014 moja ilinunuliwa mnadani kwa dola 905,000, kwa hiyo mtu wa kawaida anayetaka kuielewa kwa mikono yake hana budi kuunda mfano wake. Mafundi wa ridhaa wameifanya kazi hiyo kwa njia tofauti. Wapo walioifuatisha bodi asilia mstari kwa mstari, na wapo walioziacha chipu za kuonyesha maandishi, ambazo sasa ni adimu, wakaweka za kisasa na kuziandikia programu mpya. Kisha hutokea mfanyabiashara akachukua mafaili yao ya michoro ya bodi, akafuta jina, akaagiza bodi kiwandani na kuziuza kwa bei ya chini, huku wanunuzi waliokwama wakimwendea fundi yule yule wa kwanza kuomba msaada.

Wanaomtetea husema kwamba fundi naye alinakili, hivyo hana la kulalamikia. Sikubaliani nao hata kidogo. Wozniak mwenyewe aliwagawia wenzake wa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenzi wa kompyuta kule California, michoro ya mashine hiyo bila malipo. Na hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ambayo kwa kawaida hudumu miaka 20, haiwezi leo kuifungia mtu saketi (mpangilio wa vipuri na miunganisho yake) ya mwaka 1976. Saketi ni ya wote, lakini bodi iliyochorwa upya, programu iliyoandikwa upya na kijitabu cha maelekezo ni jasho la fundi. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyerudi kwenye mchoro wa Wozniak akachora bodi yake tangu mwanzo hana deni kwa fundi mwingine, hata bodi zao zikifanana sana, na tunamwonea tunapomwita mwizi.

Fundi akiruhusu kunakili kwa matumizi binafsi na kukataza biashara, neno lake liheshimiwe. Asiposema lolote, aulizwe kwanza. Pagumu ni pale ambapo ameacha kuuza na hapatikani tena. Hapo naona ni afadhali bodi iendelee kutengenezwa kuliko elimu hiyo ipotee, ila jina lake libaki palepale alipoliandika.

Jambo la mwisho linawahusu watengenezaji wote, waungwana na wasio waungwana. Kwa bei za mnada kama hiyo niliyoitaja, bodi isiyo na jina wala tarehe inaweza kuuzwa kama ya asili kwa mnunuzi asiyejua. Nawaomba wauzaji wakatae kupokea nakala yoyote ambayo haikuchapwa, juu ya bodi yenyewe, jina la aliyeichora na mwaka ilipotengenezwa.

Msomaji wako,
Mpenzi wa kompyuta za kale