Kamera za usalama zinamkosea nani?

Mhariri,

Watafiti wa uchakataji wa picha husifia kasi ya kamera zinazotambua sura. Naomba watueleze pia zinamkosea nani. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Na hizo zilikuwa picha safi, za watu wanaotazama kamera!

Kamera ya usalama hufungwa juu, mara nyingi gizani, na picha hubanwa ili kuokoa nafasi. Uso wa mpita njia unabaki nukta chache tu. Programu ya kutambua sura haisemi “ndiye”. Inatoa alama ya kuonyesha uso huo unafanana kiasi gani na picha iliyohifadhiwa, na kuna mtu aliyeamua alama ipi inatosha. Marekani watu wasio na hatia wamekwisha kukamatwa kwa ulinganisho wa namna hiyo.

Kabla ya kununua mitambo hii, wahusika watangaze viwango vya makosa kwa kila rangi ya ngozi, vilivyopimwa kwa picha za kamera zilezile.

Msomaji wako