Sinia la papai

Shoga yangu Mama Rehema,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi wazima, ila mvua haituachi tukaanika nguo.

Umeniuliza nilifanyaje hadi watu wa hapa wakaacha kuusukumia mchicha pembeni ya sahani. Utacheka, maana nilianza na hotuba. Nilitoka kliniki na ile habari ya Shirika la Afya Duniani, gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, nikakaa mezani kuwahesabia vitamini. Baba Juma akanijibu yeye si mbuzi.

Kumbe kosa lilikuwa langu, tena jikoni. Mchicha nilikuwa naukatakata ndipo nauosha, nauchemsha mpaka unakuwa tope, halafu maji namwaga. Vitamini C yote hiyo karoni, na ladha nayo. Mama mkwe alipokuja kutoka Muheza hakusema neno. Aliuosha kwanza, akaukata, akakaanga kitunguu na nyanya, akatia mchicha na tui zito, akageuza mara mbili tatu, akaipua ungali kijani. Mezani akaukamulia ndimu. Yule asiye mbuzi akafuta sufuria kwa tonge la ugali! Na ndimu ile si mbwembwe, inausaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani. Chai huyazuia, ndiyo maana siku hizi tunainywa baadaye sana.

Papai nalo lilikuwa linaozea kapuni, kila mtu analipita. Siku moja nikalimenya, nikalikata vipande, nikaweka sinia sebuleni saa kumi na mbili jioni, watu wana njaa na maji ya ugali hata hayajachemka. Sikumwita mtu. Mara nasikia wanagombania kipande cha mwisho. Tangu hapo tunda kwangu hutangulia chakula, tena limeshakatwa.

Kitinda mimba wako usimlazimishe. Wangu aliikataa bamia siku sita saba. Namwekea kijiko kimoja, nanyamaza. Juzi kaila, akaomba nyingine.

Jumamosi nakutumia marando ya matembele kwa basi la asubuhi, nimeyafunga kwenye gunia lililoloweshwa. Yachomeke karibu na bomba siku hiyo hiyo. Ila uwahi stendi, kondakta kashaniuliza mara mbili kama ni ya kuuza.

Wako,
Mama Juma