Risala ya Wanachuo wa Tabibu na Afya ya Mifugo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni rasmi wetu. Mkuu wa Chuo. Walimu, wazazi na wanachuo wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Jua limeshapanda, kwa hiyo historia ya chuo tunaiacha. Tunaomba tukueleze safari ya kirusi kimoja kutoka jino la mbwa hadi ubongo wa mtu, maana kila tutakachoomba mwishoni kimo ndani ya safari hiyo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kirusi cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi na urefu wa nanomita 180 hivi. Ndani mna uzi mmoja wa RNA, yaani maelekezo ya urithi ya kirusi, wenye herufi zipatazo 12,000, zinazotosha kuunda protini tano tu. Hakili, hakipumui, wala hakizaani kikiwa nje ya seli. Kimejifunika utando wa mafuta uliochomekwa vijiti vya protini, na vijiti hivyo ndivyo funguo zake za kuingilia seli. Utando huo ndio udhaifu wake: sabuni huukata kama inavyokata mafuta kwenye sufuria, na kirusi kilichovuliwa utando hakiambukizi tena. Ndiyo sababu jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa kutazama saa. Wengi huosha dakika moja, damu ikikata wakaridhika, na mate yamebaki ndani ya tundu la jino. Pilipili na mafuta ya taa huchubua nyama tu na kupoteza muda.

Kirusi kilichosalia hukaa kwenye msuli, pengine kwa wiki kadhaa, kikizaana kidogo kidogo. Kisha hufika pale neva inapokutana na msuli, kikaishika. Seli hukimeza ndani ya kifuko. Tindikali ya kifuko hubadili umbo la vijiti, utando wa kirusi ukaungana na wa kifuko, na RNA ikamwagika ndani. Hapa pana ujanja: RNA hiyo imeandikwa kinyume, na ribosomu za seli, yaani viwanda vyake vya protini, haziwezi kuisoma. Kwa hiyo kirusi huja na kimeng'enya chake cha kuinakili iwe katika mwelekeo unaosomeka. Baada ya hapo, viwanda vya mwenye nyumba humfanyia kazi mgeni.

Ndani ya neva kirusi hudandia usafiri ambao seli yenyewe hutumia kupeleka mizigo, kwa makadirio ya milimita 50 hadi 100 kwa siku. Humo kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na vimelea, hazikifikii. Aliyeng'atwa usoni ana njia fupi kuliko aliyeng'atwa kisiginoni, na watoto ndio wanaong'atwa sana usoni na kichwani. Kwa wengi dalili huanza mwezi mmoja hadi mitatu baadaye, jeraha limeshapona na limeshasahaulika.

Kikifika kwenye ubongo hakiui seli nyingi. Huvuruga kazi zake. Koo hukakamaa mgonjwa akijaribu kunywa, ndiyo asili ya hofu ya maji. Wapo wanaopooza taratibu bila fujo yoyote, na hao hukosewa kwa urahisi wakadhaniwa wana ugonjwa mwingine. Kutoka kwenye ubongo hushuka hadi tezi za mate, tayari kwa jino lijalo. Dalili zikianza, karibu wote hufa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, chanjo hushindana na mwendo huo. Kingamwili za kutosha huchukua siku 7 hadi 14 kujitokeza, kwa hiyo jeraha linalovuja damu huhitaji pia kingamwili zilizo tayari, zikidungwa ndani na kuzunguka jeraha siku ya kwanza. Zikikosekana siku hiyo, bado zinafaa hadi siku ya 7 tangu chanjo ya kwanza. Zaidi ya hapo mwili umeshaanza kutengeneza zake. Chanjo yenyewe, kwa njia ya ngozi, yaani kudungwa ndani ya ngozi, ni mililita 0.1 sehemu mbili, siku ya 0 (siku ya kuanza), 3 na 7. Ya msuli hudungwa begani, au pajani kwa mtoto mdogo, kamwe si makalioni, kwani mafuta ya hapo hupunguza nguvu yake. Mbwa akijulikana, afungwe na aangaliwe siku 10: mwenye kirusi kwenye mate hawezi kuvuka siku hizo akiwa mzima. Lakini mgonjwa aanze chanjo leo, aiache mbwa akivuka salama.

Njia ya ngozi huokoa dawa, ila chupa iliyofunguliwa hutumika kwa saa 6 hadi 8 tu, nayo ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Zahanati inayopata mgonjwa mmoja kwa wiki humwaga karibu chupa nzima.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, kituo kimoja cha afya katika kila tarafa kiteuliwe kuwa cha walioumwa na mbwa, chenye jokofu la uhakika na kingamwili, na namba yake ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji. Pili, kampeni ya kuchanja mbwa ifanyike kila mwaka na kufikia asilimia 70 ya mbwa katika kila kijiji, watoto wa mbwa wakiwemo. Mbwa huzaliwa na kufa haraka, kwa hiyo kinga ya mwaka juzi imeshazikwa nao. Kuwapiga risasi hakusaidii: huondoa hata waliochanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni wasio na kinga. Pemba waliuondoa ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa; uliporejea mwaka 2016, waliuondoa tena kwa njia hiyo hiyo. Tatu, kila shule ya msingi iwe na bomba na sabuni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.