Mkazi alipie mitaro, lakini aonyeshwe deni

Ndugu Mhariri,

Nawasikia wanaotaka wenye nyumba wa Goba na Madale, Dar es Salaam, wajichangie lami na mitaro. Mimi ninaishi pembezoni mwa Houston, Texas, ambako jambo hilo lina sheria yake: wilaya za huduma, maarufu kama MUD (Municipal Utility District).

Mjenzi hununua pori nje ya mji, wilaya ikaundwa. Wilaya huuza hatifungani, yaani hukopa kwa wawekezaji, na kumrudishia mjenzi gharama za mabomba ya maji, majitaka na mitaro ya mvua. Halafu sisi wanunuzi tunalipa deni kupitia kodi ya majengo, mwaka baada ya mwaka. Kwenye bili yangu, kodi ya wilaya inaizidi ya kaunti.

Sikatai, maji hayakatiki na mtaro ukiziba unazibuliwa. Kinachonikera ni kura. Hatifungani za mamilioni ya dola huidhinishwa kabla hatujahamia, mara nyingi na wapigakura wawili watatu ambao mjenzi amewaweka kwenye nyumba za magurudumu. Eti huo nao ni uchaguzi! Baadaye tunachagua wakurugenzi watano, lakini kura za Mei hupita majirani wengi hawana habari.

Angalau sheria ya Texas inamlazimu muuzaji kumpa mnunuzi taarifa ya deni hilo kwa maandishi. Halmashauri zetu zikiiga mfumo huu, zianzie hapo, na hesabu zibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila robo mwaka.

Mtanzania, Houston